Mstari Mwekundu wa Port Amelia

Jumatatu, 5 Machi

Habari kubwa! Lois Terpstra, mweka hazina wa Chama chetu cha Historia, kanipigia simu nikiwa bado na povu la sabuni kidevuni. Jumuiya ya Barabara ya Mto itasimamisha bango la watalii pale penye daraja. Bango la kahawia, herufi nyeupe. Kila gari litakalopita litaliona. Lakini ni moja tu! Ama litaelekeza kwetu, Port Amelia, upande wa Iowa, ama litaelekeza ng'ambo, Saint Odile, upande wa Illinois. Mama mmoja aitwaye Bi. Renfrow atakuja Ijumaa ya wiki ijayo kutembelea miji yote miwili, kisha ataamua.

Nikamwambia Lois asiwe na wasiwasi, mwenyekiti ni mimi, Virgil Brandhorst. Lois akajibu kwamba hilo hasa ndilo linalomtia wasiwasi. Nimemsamehe. Ana umri mkubwa, yaani kama wangu.

Bango hili tunalihitaji kufa na kupona. Duka la viatu limefungwa. Shule imehamishiwa mji wa jirani. Magari yanapita juu ya daraja bila hata kupunguza mwendo, utadhani hapa chini hapaishi watu. Na hapa ndipo palipotobolewa vifungo vya mashati ya nusu ya nchi hii, kutoka kwenye makombe ya kome wa mto huu huu! Baba yangu, mzee Emil, alikaa kwenye mashine ya kutobolea mpaka mgongo ukapinda. Kiwanda sasa ni makumbusho yetu, na nje bado kuna lundo la makombe yenye matundu, refu kuliko nyumba yangu. Tuna kanisa la Mtakatifu Bonifasi, ambalo gharika ya mwaka sitini na tano ilipanda vipandio vyake, ikafika cha tatu, ikakoma. Msalaba mdogo wa shaba umepigiliwa palepale. Tuna tai. Tuna mikate ya mdalasini ya Lois.

Saint Odile wana nini? Wana Gordy Vandeventer, mume wa dada yangu Arlene, mwenyekiti wa chama chao cha historia. Anavaa kofia ya nahodha. Hajawahi kuendesha hata mtumbwi!

Jumanne, 6 Machi

Nimevuka daraja kwenda kupeleleza. Nilijifanya nampelekea Arlene bakuli lake la kuokea. Kurudisha bakuli tupu kwetu ni aibu, kwa hiyo ilibidi nilijaze viazi kwanza. Upelelezi una gharama zake.

Niliyoyaona yameniuma. Mbele ya posta yao kuna mstari unaoonyesha maji ya gharika ile ile ya sitini na tano yalifika wapi. Uko juu ya mlango! Watu wamesimama chini yake wanapiga picha, wameinua mikono na bado hawaufikii, huku wakiguna, "Loo! Loo!" Gordy alikuwa pembeni na kofia yake, anapokea sifa kana kwamba gharika aliileta yeye.

Akaniona. Akauliza kwa sauti, watu wote wakisikia, kama ule mstari wetu wa Port Amelia bado upo, au panya wameshauvuka.

Mstari wetu baba aliuchora mwenyewe kwenye ukuta wa ghala la mahindi, rangi nyekundu, mnene kama kiganja. Uko wapi? Gotini. Gotini, jamani! Mbwa wa Lois huinua mguu palepale kila asubuhi. Mtalii gani atapiga picha na goti lake?

Mimi mwenyewe gharika sikuiona. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nikapelekwa kwa shangazi kule kilimani mpaka yaishe. Maisha yangu yote nimekuwa nikiukwepa ukuta ule kwa macho. Nilidhani baba aliuchora kwa sababu rangi ilibaki.

Alhamisi, 8 Machi

Nimeanza na tai. Bi. Renfrow lazima aone tai. Jana nilimwaga ndoo nzima ya vichwa vya kambare nyuma ya makumbusho ili wazoee mahali.

Tai hawakuja. Wamekuja rakuni, wale wezi wa usiku wenye mikia ya pete. Ukoo mzima! Wamekula vichwa, wakaingia makumbusho kwa dirisha la choo, wakafungua droo za vifungo kwa vile vidole vyao vya kidokozi. Lois amepiga magoti kutwa nzima akichagua vifungo sakafuni, vya shati huku, vya koti kule. Ameniuliza kama ninafahamu lolote. Nikasema maumbile yana siri nyingi. Akaninusa mikono.

Haidhuru. Tai walikuwa kionjo tu. Sasa nimepata wazo lenyewe, na ni zuri mpaka linanitisha.

Ijumaa, 9 Machi

Imefanyika!

Ijumaa za Kwaresima mji mzima huwa kwenye ukumbi wa kanisa unakula kambare wa kukaanga na saladi ya kabichi. Wakatoliki, Walutheri, na hata yule fundi bomba asiyeamini chochote. Hakuna anayekosa. Kwa hiyo barabarani hapakuwa na mtu. Nikaegemeza ngazi kwenye ghala, nikaupaka mstari wa zamani rangi nyeupe mpaka ukatoweka, kisha nikapanda na kuchora mwingine. Mwekundu. Mnene. Juu ya mlango mkubwa, kupita ule wa Saint Odile kwa urefu wa mtu! Umeyumba kidogo, lakini hata gharika huyumba.

Kosa moja tu. Sikukumbuka kwamba kwa kuwa hakuna anayekosa, atakayekosa atatafutwa. Watu walidhani ninaumwa. Marlys, mke wangu, akatumwa aniletee sahani. Akanikuta juu ya ngazi na brashi mkononi.

Alitazama mstari. Akanitazama mimi. Marlys si mtu wa maneno. Ameweka sahani kwenye kipandio cha chini cha ngazi, akasema, "Kula kabla hakijapoa," akaenda zake.

Samaki walikuwa watamu. Sijui kwa nini nilishindwa kumaliza.

Jumapili, 11 Machi

Baada ya misa watu wote walisimama kwenye uwanja wa kanisa na kutazama ng'ambo ya barabara, kwenye ghala. Halafu Lois akasema, "Ni tofauti."

Padri Kluesner akaunga mkono kwamba ni tofauti kweli. Fundi bomba akasema ni tofauti kidogo.

Asiyekulia hapa atadhani nimesifiwa. Kwetu neno hilo ni kofi. Husemwa juu ya keki iliyoungua na juu ya mchumba asiyefaa. Lakini nimejikaza kisabuni. Wakubwa wote walianza kwa kutoeleweka. Bango likisimama watakuja kunishika mkono mmoja mmoja, na mimi nitajifanya nimesahau.

Marlys hajasema kitu tangu Ijumaa isipokuwa "nipishe" na "zima taa."

Jumatatu, 12 Machi

Gordy amekuja! Amevuka daraja kwa makusudi. Alisimama mbele ya ghala akatazama juu, kofia ikamdondoka. Nilimtazama kutoka dirishani na moyo wangu ulikuwa unacheza ngoma.

Nikatoka. Nilitegemea aone wivu, apige kelele, anitishie. Wapi! Alicheka mpaka akafuta machozi. Akanipa mkono, akanipongeza kwa dhati, akasema, "Shemeji, usiuguse tena. Mstari umekaa mahali pake hasa." Akaondoka akipiga mluzi.

Nimemshinda! Mtu akishindwa kabisa hubaki kucheka tu. Nimemweleza Marlys hivyo. Akauliza kama ninataka mchuzi zaidi.

Alhamisi, 15 Machi

Kichwa kinachemka. Kesho ndiyo kesho, na nimegundua tatizo.

Tulikuwa tunamenya viazi vya kesho, maana kila nyumba hupeleka chakula chake. Marlys hakuinua macho. Akaniuliza, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, hivi mstari wangu si unatazamana na mlango wa kanisa? Nikasema ndiyo. Akauliza, ghala na kanisa si viko barabara moja, tambarare? Nikasema ndiyo. Basi, akasema, kama maji yalifika juu ya mlango wa ghala, ilikuwaje kanisani yakakoma kipandio cha tatu?

Nilikimbia mpaka barabarani, nikasimama kwenye vipandio vya kanisa nikatazama. Ole wangu! Mstari wangu ukiufuata kwa macho, unaingia kanisani na kuifikia sanamu ya Mtakatifu Bonifasi puani. Nimekizamisha kivutio chetu kwa kivutio chetu!

Lakini Brandhorst hakati tamaa. Kipi ni rahisi zaidi, kushusha mstari au kupandisha msalaba? Nikachukua bisibisi. Nilikuwa nimepiga magoti nikiung'oa ule msalaba wa shaba ili niupeleke kwenye mnara wa kengele, ambako ungekaa vizuri na kwa heshima zaidi, bisibisi ikakatika. Nikageuka. Viatu vyeusi. Ndani yake, Padri Kluesner.

Akauliza ninafanya nini. Nikasema ninasugua kutu kwa ibada. Akatazama kipande cha bisibisi. Hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba mkaangaji wa kesho ana mafua, na kwamba Bwana amempata mwingine.

Nimekwisha! Bi. Renfrow atakuwa ukumbini akiongea na kila mtu, na mimi nitakuwa jikoni na mafuta yanayochemka.

Ijumaa, 16 Machi

Lazima niandike yote.

Bi. Renfrow amefika jioni, akitokea Saint Odile. Mama mrefu, mpole, viatu vya kutembelea. Nilimwona kupitia dirisha la kupakulia, nimevaa aproni yenye picha ya kambare anayetabasamu. Kila nilipojaribu kutoka, Padri aliniletea beseni jingine la samaki.

Gordy naye alikuwepo! Arlene alizaliwa hapa na hakosi samaki wa Ijumaa, na yeye hufuata chakula. Alikaa karibu kabisa na mgeni. Nikasikia akimhimiza aende auone mstari wa gharika wa Port Amelia, ni wa ajabu sana, asiukose. Hapo ndipo nilipoelewa kicheko chake cha Jumatatu. Nyoka!

Bi. Renfrow akasema ameshauona. Ameuona pia msalaba wa kwenye kipandio. Akauliza, kwa adabu kabisa, maji ya hapa yana mlima?

Nikatoa kichwa dirishani, nikapaza sauti kwamba maji ya mto huu ni ya heshima, hayaingii kanisani bila kualikwa.

Hakuna aliyecheka. Hata Padri.

Ndipo Marlys akasimama. Marlys wangu! Hata siku ya arusi yetu aliitikia kwa kichwa tu. Akasema ule mstari wa juu ni wa mume wake na una wiki moja. Ule wa kweli uko chini yake, gotini, chini ya rangi nyeupe, na uliouchora ni mkono wa baba mkwe wake. Akasema, "Sasa nikwambie kwa nini uko gotini, mama."

Akasimulia. Alikuwa binti mdogo. Mto ulipoanza kupanda, mji wote ulishuka mtaa wa kando ya mto kujaza viroba vya mchanga, na masista wa shule walikunja mikono ya kanzu wakabeba pamoja na wavuvi. Mchanga ukaisha. Maji yakazidi kuja. Watu wakaanza kuangaliana, kila mmoja akifikiria makabati yake nyumbani. Hapo mzee Emil Brandhorst akapanda juu ya lundo la makombe pale kiwandani, akaanza kujaza viroba kwa makombe. Wote wakamfuata.

Lois akadakia kwamba yeye vidole vyake vilichanika kwa yale makombe na bado ana alama. Akaonyesha. Fundi bomba akasema babu yake alionya mapema: makombe yametobolewa, jamani, yana matundu! Ukumbi wote ukaangua kicheko. Ni kweli! Ni watu wa Port Amelia pekee ambao wangezuia mto kwa magunia ya matundu! Maji yalipenya, yakajaa barabarani polepole, yakafika gotini, yakapanda vipandio vitatu vya kanisa. Lakini ukuta wa viroba haukuanguka. Walisimama nyuma yake ndani ya maji ya baridi, mabega kwa mabega, wakiongeza viroba mpaka mto ukachoka.

"Mstari wa wenzetu uko juu kwa sababu tuta lao la kuzuia mto lilipasuka," akasema Marlys. "Wetu uko chini kwa sababu hakuna aliyekwenda nyumbani."

Gordy akaruka kwamba tuta la kwao lilipopasuka ndipo maji ya huku yakapungua, kwa hiyo Port Amelia inapaswa kuwashukuru. Arlene akamwambia, "Gordy, kula samaki."

Mimi nilikuwa nimesimama na koleo mkononi na samaki wanaungua. Baba yangu! Juu ya lile lundo! Na mimi miaka yote hii naukwepa mstari wake kwa macho, nikiuonea haya, na wiki iliyopita nimeufuta kwa mkono wangu. Kifua kilijaa fahari mpaka kikauma. Machozi yalinitoka. Nikamwambia Padri ni vitunguu. Akasema leo hatukupika vitunguu.

Bi. Renfrow akainuka. Alichukua uma yake, akatoka, na ukumbi wote ukamfuata, mimi na aproni yangu nyuma. Akachutama mbele ya ghala, akakwangua rangi nyeupe pale gotini. Nyekundu ikatokea. Akaweka kiganja juu yake. Mbwa wa Lois alikuja kuchungulia, Lois akamfukuza kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Jumatano, 21 Machi

TUMESHINDA! Bango ni letu!

Simu ililia asubuhi. Lois alipiga ukelele mpaka mikate ikaungua. Bango la kahawia litaelekeza upande wa Iowa, na chini ya jina la mji litaandikwa: "Njoo Uone Mstari wa Goti." Kengele ya kanisa imelia. Watu wametoka nje na kukumbatiana, jambo ambalo hapa hufanyika kwenye mazishi tu. Nimekwangua rangi nyeupe yote kwa mikono yangu, na Marlys amenishikia ndoo. Ule wa juu nimeufuta. Sijawahi kuona ukuta mzuri namna ile. Nilimwambia Marlys kwamba baba alikuwa mtu mkubwa na kwamba yeye mwenyewe Marlys ni mtu mkubwa. Akasema niache kuongea nisugue. Lakini alinishika mkono tulipokuwa tunarudi.

Gordy alipiga simu kutoa pongezi. Sauti ilikuwa inatoka kama amekalia msumari. Nikamwambia, shemeji, karibu upige picha na goti lako. Raha iliyoje!

Sasa ninakaa jikoni peke yangu na ninafikiri. Kumbe kanuni ni hii: kadiri mstari ulivyo chini, ndivyo mji ulivyo shujaa zaidi. Hivyo ndivyo alivyoamua mtaalamu mwenyewe. Gotini tumepata bango moja. Je, kwenye kifundo cha mguu? Kifundoni tungepata mawili! Labda na sanamu ya baba juu ya lundo la makombe! Tena baba alikuwa mtu mnyenyekevu mno. Huenda alichora juu kidogo kwa kutotaka kujisifu.

Msalaba wa kanisani itabidi ushuke mpaka kipandio cha kwanza, na bisibisi mpya nimeshanunua, ya chuma kizito. Rangi nyekundu imebaki nusu kopo. Keshokutwa ni Ijumaa, wote watakuwa kwenye samaki, na Marlys nimeshamwambia mapema kwamba sitaumwa, nitachelewa tu. Na safari hii hata ngazi haihitajiki.